Umepewa, Chukua

Asubuhi ya tatu walikuta alama nne kwenye unga.

Unga wenyewe waliumwaga wao, jioni iliyotangulia, sebule nzima ya nyumba ile ya Raskazone, ili kama kuna mtu anayeingia kutisha watu aache nyayo zake. Nyayo hazikuwapo. Hata panya hakupita. Ila katikati ya sebule, pale bati la paa lilipong'oka na mwanga kushuka moja kwa moja hadi chini, palikuwa na vishimo vinne vidogo, viwili mbele na viwili nyuma, kana kwamba mtu ameweka kiti, akaketi, kisha akakiondoa. Na kiti hakikuwamo nyumbani humo. Meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akikaa pale aliondoka na vyombo vyake vyote miaka saba nyuma, na hakuacha hata ndoo.

"Paka," akasema Luka.

"Paka gani asiye na njia ya kuja wala ya kwenda?" Zubeiri akamuuliza. Luka alivuta kola ya shati lake, akatazama mlango.

Hawa walikuwa watu wa gari la sinema la serikali. Luka, Mbondei wa Muheza, alikuwa dereva na karani. Zubeiri bin Uweso, mtoto wa Mabawa, ndiye aliyeshika kipaza sauti, maana picha za ofisi yao zilikuwa hazina sauti, na kila gari lilikuwa na mtangazaji wake wa kuwasomea watu maneno yaliyopigwa chapa. Mwaka huo wa 1956 mkubwa wao alimkabidhi Zubeiri kamera ya kuvuta kwa ufunguo kama saa ya mezani, na mikanda minane, akamwambia atengeneze picha yake mwenyewe. Nyumba ile ilitakiwa iwe kliniki ya wazazi, na wanawake wa Tanga walikuwa wamekataa katakata kuingia. Walisema ina mwenyewe. Picha iwaonyeshe watu wawili wenye akili zao wakiichunguza nyumba siku kadhaa, kwa unga, kwa uzi milangoni, kwa kugonga kuta, na wasione chochote. Ikipendeza, Zubeiri ataandikwa kazi ya kudumu. Taa hakupewa. Aliambiwa jua la Tanga linatosha.

Na jina la picha lilikuwa limekwisha kupakwa rangi nyeupe kwenye ubao kabla hawajatia mguu mle ndani: NYUMBA HAINA KITU.

"Tuzipige picha alama hizi?" Luka akauliza.

Zubeiri aliutazama ubao, akazitazama alama. Kisha akachukua ufagio.

Hapo ndipo ninapomlaumu mimi. Mengine yote yaliyofuata naweza kumsamehe, maana alikuwa kijana na alipenda kazi yake, lakini mtu aliyetumwa kutazama akaona, halafu akafagia alichokiona, huyo kajitafutia.

*

Mkubwa wa ofisi alitaka na kichekesho kidogo, watu wasisinzie. Basi Zubeiri akaketi kwenye mashine ya chapa akaandika kisa cha mganga mlafi. Mganga anamwuliza jini anataka nini. Jini, kwa kinywa cha mwanamke aliyepagawa, anasema, "Namtaka mwanamke huyu." Mganga, macho yote kwenye kuku wa kafara, anajibu, "Umepewa, chukua! Mimi niachie kuku!" Kisha Zubeiri anatokea, anavuta kilemba cha mganga, na watu wanaona kwamba yote yalikuwa ulaghai. Ofisi nzima ilicheka.

Alimwendea Bi Mboni, fundi wa mashetani pale pale Mabawa, ambaye asubuhi alikaanga vitumbua na alasiri alituliza watu. Alimkuta bado yuko na kikaango.

"Shikamoo, Bi Mboni."

"Marahaba, mwanangu. Vingapi?"

Zubeiri akamweleza haja yake. Bi Mboni aligeuza vitumbua vyote, kimoja kimoja, ndipo akauliza, "Saa ngapi?"

"Saa sita na nusu mchana. Ndipo jua linapoingia kwenye lile tundu la bati."

"Jua la utosi. Saa hiyo mimi hata kuku wangu nawafungia."

"Ni mchezo tu, bibi."

"Wewe unajua ni mchezo. Aliyemo ndani kajuaje?" Akapangusa mikono kwa kanga. "Mimi nikimwita mtu wa kule nampa chake, namuaga, anakwenda zake. Wewe wataka aitwe, aitwe tena, aitwe na mara ya tatu kwa sababu mtu kakohoa, halafu kila mmoja ashike baiskeli yake aende kwao. Mimi simo. Na nakwambia kama mama yako, saa ile usiseme neno usilotaka lisikike."

Zubeiri alinunua vitumbua vinne kwa haya, akaondoka. Mganga akawa Luka, ambaye mambo ya mashetani aliyajua kwa kuyasikia tu kanisani yakikatazwa. Mwanamke wa kikundi cha ngoma aliyekubali kupagawa alifika getini, akaiona nyumba ni ipi, akageuza njia bila kuaga.

Akabaki Mwatumu.

Mwatumu alikuwa mkewe Zubeiri, mwaka wa pili wa ndoa. Alikuwa mcheshi, mwenye ulimi, na mpenzi wa chumvi kupita kiasi. Embe bichi hakulila bila chumvi na pilipili, na hata chungwa alilinyunyizia. Zubeiri alimpenda mpaka wenzake walimcheka.

"Bwana Picha," alisema Mwatumu, "mke unaye mmoja, naye unampeleka kwa jini?"

"Jini hayumo. Nimekaa mle siku tatu."

"Hujaona kitu hata kidogo?"

Zubeiri alikumbuka ufagio. "Hata kidogo."

Mwatumu alimtazama, akalamba chumvi kwenye kidole. "Haya. Nitakwenda kwa ajili yako, si kwa ajili ya serikali. Ukishaandikwa kazi unanunua kitanda, hiki cha kamba kimenichosha."

*

Kiti walikibeba kutoka ofisini. Luka alikiweka katikati ya sebule, Zubeiri akamwambia akisogeze hatua moja kwenye mwanga, na kilipotua Zubeiri aliona jambo asilolitarajia. Unga aliufagia, lakini ule uliokuwa kwenye vile vishimo ulishika unyevu wa sakafu na kubaki, madoa manne meupe. Miguu ya kiti ilikaa juu ya madoa yale, mguu kwa doa, hakuna uliokosea.

Aliinua kamera. Jua halimngoji mtu, na mikanda ilibaki miwili.

Mara ya kwanza iliharibika kwa kicheko. Mwatumu alitoa macho, akasema, "Namtaka mwanamke huyu," kwa sauti ya mzee mwenye kikohozi, Luka akapaza, "Umepewa, chukua! Mimi niachie kuku!" na kuku akamponyoka mkononi akaruka juu ya kamera. Wote watatu walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Mara ya pili ilikwenda vizuri, ila ufunguo wa kamera uliishiwa nguvu kabla Luka hajamaliza. Neno alikwisha kulisema, picha haikulishika. Mwatumu hakucheka safari hiyo. Alisema miguu yake inaona baridi.

"Mara moja tu, mpenzi," Zubeiri akamwambia. "Ya mwisho."

Na mara ya tatu, jua likiwa limesimama juu ya tundu la bati na moshi wa udi ukipanda wima bila kutikisika, Zubeiri akiwa ameng'ang'ania kamera na jicho moja kwenye kitundu chake, akaanza kusikia harufu iliyoushinda ule udi, harufu ya makapi ya mkonge yaliyooza kwenye maji, nzito, ya kukaba koo, ijapokuwa shamba la karibu lilikuwa maili nyingi kutoka pale, na ndani ya kitundu akamwona mkewe ananyoosha mgongo taratibu, anaweka mikono magotini, anainua kidevu, mpaka akawa ameketi namna ambayo Mwatumu, aliyezoea mkeka, hakuwahi kuketi maishani mwake.

"Namtaka mwanamke huyu."

Sauti haikuwa nene wala ya kutisha. Ilikuwa ya mtu asiye na haraka.

"Umepewa, chukua! Mimi niachie kuku!" Luka akajibu. Kuku alikuwa ametulia kimya kwapani kwake, macho ameyafumba.

Hapo jini alitakiwa acheke. Badala yake sauti ikauliza, "Shahidi nani?"

Luka akageuka kumtazama Zubeiri, maana maneno hayo hayakuandikwa. Zubeiri, akidhani mkewe anaongezea utamu, akapunga mkono kuashiria aendelee.

"Shahidi yule pale," Luka akasema. "Mwenye kamera."

"Aseme mwenyewe. Umeshuhudia?"

"Nimeshuhudia," akajibu Zubeiri nyuma ya kamera, kwa furaha, kwa sababu hakuwahi kuona mchezo mzuri kama ule. Mkanda ukaisha.

Jioni ile alirudi kwenye mashine ya chapa akayaongeza maneno ya shahidi kwenye karatasi ya mtangazaji. Karatasi na mikanda vikatiwa kwenye kasha, kasha likapelekwa bandarini, ng'ambo, kusafishwa.

*

Siku ya kwanza mchuzi haukuwa na chumvi. Zubeiri alidhani mke amesahau. Siku ya pili wali haukuwa na chumvi, na kopo la chumvi alilikuta nje, kwenye jalala, limezibwa kwa kitambaa kana kwamba lina kitu kinachonuka.

"Mwatumu, chumvi ina nini?"

"Mume wangu haipendi," akajibu.

"Mimi?"

Mwatumu alipakua sahani mbili. Moja alimwekea Zubeiri mkekani. Ya pili aliiweka juu ya sanduku la nguo, juu, kwa urefu wa mtu aliyeketi kitini, akasimama kando yake na kikombe cha maji, akangoja.

Ikawa hivyo kila mchana. Ilipofika saa sita na nusu aliacha chochote alichokishika, awe anafua au anasuka ukili, akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, na ile harufu ya mkonge uliooza ikaingia chumbani ikajaa hadi kwenye mito. Alizungumza chini chini na upande usio na mtu, akacheka taratibu kama mke anayetaniwa, na Zubeiri, aliyekuwa akikimbia kutoka ofisini kwa baiskeli ili awahi kuwa naye saa ile, alisimama mlangoni mwake mwenyewe kama mgeni aliyekuja bila hodi, hajui aingie au aondoke, anaogopa kumwita kwa jina asije akaitika mwingine. Wiki ya pili alijaribu kumshika mkono. Mwatumu akauondoa kwa adabu.

"Samahani, kaka," akasema. "Nina mwenyewe."

Zubeiri akatoka nje akalia, hadharani, mbele ya majirani. Kisha akaenda kwa Bi Mboni.

Bi Mboni alimsikiliza mpaka mwisho. "Nani aliyesema umepewa?"

"Luka. Mara tatu."

"Na shahidi?"

Zubeiri akainamisha kichwa.

"Mume mwenyewe ndiye shahidi!" Bi Mboni akajishika kiuno. "Nimetoa mashetani wa kurithi, wa kutupiwa, wa kuokota njiani. Huyu hakuvamia. Huyu kaposa, kapewa, kashuhudiwa. Nitamwambia nini? Kila akiulizwa atasema yuko kwake." Akavuta kopo la chumvi. "Itabidi mrudi pale pale, saa ile ile. Waliotoa wakanushe wenyewe."

Walikwenda Ijumaa, na kile kiti cha ofisi. Luka alitetemeka hata kilemba kikamwangukia machoni. Bi Mboni alimwaga chumvi kuzunguka kiti, akasoma alichosoma, akamsukuma Luka mbele. "Hukupewa," Luka akasema, mara tatu, na kila mara bati lililobaki paani lililia kama limekanyagwa. Kisha Zubeiri akasema, sauti ikimkatika, "Sikushuhudia. Nilidhani mchezo. Sikushuhudia."

Mwatumu aliketi wima kwa muda mrefu. Halafu mgongo ukalegea, akaporomoka hadi sakafuni, mkono ukaangukia kwenye chumvi. Akaulamba.

"Zubeiri," akasema kwa sauti kavu, "mbona umekonda hivyo?"

Sijui nieleze vipi furaha ya mtu yule. Alimbeba mkewe hadi getini. Bi Mboni aliwafuata nyuma, hana furaha nyingi.

"Lile neno lisirudiwe tena juu ya mwanamke huyu," alisema. "Na mtu yeyote. Ameondoka kwa sababu mmelirudisha. Likitolewa tena, anayo haki ya kurudi, na mimi sitakuwa na la kumwambia."

Zubeiri alisimama ghafla, mkewe mikononi. Alikumbuka kasha.

*

Alijipa moyo kwamba picha ikirudi ataikata kwa mkasi kabla haijaonwa. Lakini ofisi ya ng'ambo iliipenda, ikatoa nakala tisa, na nakala zikagawiwa kwenye magari mengine, kila moja na karatasi yake, kabla yeye hajapata ya kwake.

Alhamisi moja, baada ya isha, Mwatumu alikuwa akimenya embe. Akaacha kisu. Akalisogeza kopo la chumvi mbali kwa kidole kimoja, akanyoosha mgongo. Haikuchukua muda, akarejea embe lake kana kwamba hapakuwa na lolote. Wiki iliyofuata dereva wa gari la Pangani alimpiga Zubeiri kofi la mgongoni.

"Alhamisi tulionyesha picha yako Ushongo, bwana. Watu walivunjika mbavu! Yule mkeo ni hatari."

Zubeiri aliwaandikia magari yote wasiisome sehemu ile. Wawili walimjibu kwamba ndiyo sehemu inayopendwa. Alimwomba mkubwa wake picha iondolewe, na alipoulizwa sababu hakuweza kuisema, maana sababu yenyewe iliikana picha nzima kuanzia jina lake. Mkubwa akacheka, akampa mkono, akamwambia ameandikwa kazi ya kudumu. Kitanda kikanunuliwa. Muheza, Korogwe, Handeni, gari lilipopita, Mwatumu aliacha alichokishika, na kila mara alichelewa zaidi kurudi.

Mpaka ikafika zamu ya Tanga.

Nakala ya Tanga alikuwa nayo yeye. Aliukata mkanda, kisa kizima cha mganga, akakitia jikoni kikaungua. Jioni ya maonyesho alimwacha Mwatumu nyumbani na Bi Mboni, chumvi imemwagwa chumba kizima, mlango umefungwa, akaenda uwanjani na kipaza sauti chake. Watu walikuwa wengi kuliko sikukuu, wanaume huku, wanawake kule, watoto mbele hadi chini ya shuka la picha.

Akasoma. Unga. Uzi milangoni. Luka akigonga kuta. Picha ikaruka kutoka ukutani hadi mwisho wake, na shuka likabaki jeupe.

"Mganga yuko wapi?" mtu akapiga kelele.

"Tumeambiwa kuna mganga!"

"Picha imekwisha," Zubeiri akasema. "Nendeni makwenu, ndugu zangu, tafadhali."

Lakini wengi walikuwa na jamaa Muheza na Pangani, na mchezo walikuwa nao midomoni wiki nzima, sokoni, kwenye treni, visimani. Upande wa wanawake kijana mmoja wa kike akasimama, akanyoosha mgongo, akasema kwa madaha, "Namtaka mwanamke huyuuu!"

"Hakupewa!" Zubeiri akapiga kelele kwenye kipaza sauti. "Semeni hakupewa! Nawaomba!"

Walidhani naye anacheza. Kicheko kilitikisa uwanja, kisha wakaitika kwa pamoja, wanaume, wanawake, watoto, mpaka wauza kahawa pembeni: "Umepewaaa, chukua! Mimi niachie kuku!"

"Shahidi nani?" akauliza yule wa kike.

"Miiimi!"

Zubeiri alitupa kipaza sauti akakimbia. Alikimbia hadi Mabawa kwa miguu, viatu viliachwa njiani, na nyuma yake waliendelea kuitika, wamenogewa, mara ya pili, mara ya tatu.

Bi Mboni alikuwa ameketi nje, kizingitini, kopo tupu mikononi. Hakuinua uso.

"Nimetolewa nje," akasema. "Sikuwa na la kumwambia."

Mlango ulikuwa wazi. Harufu ya mkonge ilimpokea uani. Ndani taa ya chemli ilikuwa inawaka vizuri, na chumvi ilikuwa bado imetanda sakafu nzima, nyeupe, haina unyayo hata mmoja. Katikati yake Mwatumu alikuwa ameketi wima, mikono magotini, kidevu juu. Chini yake hapakuwa na kiti. Palikuwa na vishimo vinne kwenye chumvi, viwili mbele na viwili nyuma.

"Mwatumu," Zubeiri akamwita.

Mkewe akamgeuzia uso taratibu, kwa heshima, namna mtu anavyomgeukia jirani aliyekuja kuaga.

"Safari hii sikuomba," ile sauti isiyo na haraka ikasema. "Na mashahidi ni mji mzima."